Jeti ya Mlimani

Zahanati ya Lukwambe, Uluguru
9 Machi 1993

Mjomba Alois,

Shikamoo. Natumaini kifua kilichokusumbua wakati wa Krismasi kimetulia, na kwamba gereji yako haikosi wateja. Huku tu wazima. Mama anakusalimu, na maharage yameipokea mvua vizuri.

Padri aliyerejea kwao ametuachia pikipiki yake ya magurudumu manne, ili wajawazito wanaohitaji upasuaji wasiteremshwe tena kwa machela. Nimejifunza kuiendesha. Lakini ina tabia ya ajabu: mjini inanguruma vizuri, ikifika kwetu inakohoa na kutoa moshi mweusi, na plagi naikuta imelowa. Mzee Mikaeli huniuliza kila asubuhi mbele ya watu, "Nesi, mgonjwa wako wa chuma ameamkaje?" Nacheka nao, lakini moyoni sicheki. Akiletwa mama wa kuteremshwa na mashine ikagoma, nitamwambia nini?

Mpwa wako,
Yuliana


Kihonda, Morogoro
21 Machi 1993

Mpwa wangu Yuliana,

Marahaba. Kifua hakijambo; kinachonisumbua sasa ni vijana wa gereji tu.

Mashine yako haiumwi. Huko juu hewa ni nyepesi, ilhali kabureta inamimina petroli kwa kiasi kilekile cha mjini, na injini inazama. Nimempa Shukuru, dereva wa lori la mboga, akuachie sokoni chini ya mlima jeti ndogo: kipande cha shaba cha kupitishia petroli, chenye tundu jembamba kuliko la ile iliyomo. Zamani tungeliziba tundu kwa risasi iliyoyeyushwa na kulitoboa upya kwa sindano. Siku hizi maduka ya vipuri yamechipuka hadi vichochoroni, nami nimechagua kama bibi harusi achaguaye khanga. Ifunge ndani ya kabureta, upande wa chini. Baada ya mwendo itazame plagi: ikiwa na rangi ya kahawia, umepatia.

Lakini nisikilize. Jeti hiyo ni ya mlimani tu. Kabla ya kushuka mjini rudisha ile kubwa, hata ikikuchukua nusu saa. Injini hii hulainishwa na oili iliyochanganywa katika petroli. Petroli ikiwa kidogo kwenye hewa nzito ya bondeni, oili nayo itapungua, injini itaungua kwa joto na pistoni itakwama.

Mjomba wako,
Alois


Lukwambe
2 Juni 1993

Mjomba,

Shikamoo. Kwa afya hatujambo, na mama anauliza kama unakula vizuri.

Plagi ikawa ya kahawia, na mashine ikawa inawaka kwa mvuto mmoja. Jumapili akaletwa Mwaisha, mke wa Yunusi, mjamzito, akitokwa damu. Nikachukua spana nibadilishe jeti. Akanishika mkono: "Nesi, unatengeneza nini, mwenzio nakufa?"

Nikaiweka spana chini. Nilijua, Mjomba. Injini ilikwama tukiwa tumeshafika barabara kuu, na gari la watu likatuchukua. Mwaisha yu hai, na mtoto wake yu hai.

Vijana wameirudisha mashine kwa kuisukuma. Silinda nimempa Shukuru akuletee. Tafadhali fanya haraka: Maria, mke wa Agustino, ana mimba ya miezi minane, na watoto wake wote wawili walizaliwa kwa kisu.

Mpwa wako,
Yuliana


Lukwambe
11 Julai 1993

Mjomba,

Shikamoo.

Pistoni uliyoiagiza Dar es Salaam haijatufikia. Maria amefia kwenye machela, kabla wabebaji hawajalifikia soko.

Leo baada ya Misa Agustino alisimama akasema, "Aliyeiua mashine ndiye aliyemuua mke wangu." Hakuna aliyemkanya. Hata Mzee Mikaeli alitazama chini.

Niambie, Mjomba: ilinipasa kubadilisha jeti?

Yuliana


Kihonda
19 Julai 1993

(Katekista aisome mbele ya watu wote.)

Wazee wangu, ndugu zangu wa Lukwambe, na wewe Agustino uliyefiwa,

Poleni. Sitawauliza habari za huko, kwa kuwa ninazijua.

Mnauliza kwa nini Yuliana hakungoja nusu saa. Mwulizeni Mwaisha, anayeishi kati yenu na mtoto mgongoni. Nusu saa ile ilikuwa yake.

Kanuni aliyoivunja Yuliana niliitunga mimi, na haikuwa njia pekee. Angeweza kuiacha jeti kubwa mahali pake, na huko juu kuufungua mfuniko wa kichujio cha hewa ili injini ivute hewa zaidi. Akishuka, anaufunga kwa mkono, kwa muda wa kutamka Amina. Nililijua hilo. Sikuliandika, kwa sababu kichujio kikiwa wazi vumbi huila silinda, na sisi mafundi tumefunzwa kuitunza silinda kama mboni ya jicho. Mimi nililinda silinda. Yuliana alilinda mtu.

Agustino, sikuombi unyamaze. Naomba tu usimlaumu asiyestahili. Pistoni imefika juzi, na gereji nimeifunga. Ninapanda kwa miguu, na kabla sijaenda zahanati nitapita nyumbani kwako. Yote uliyomwambia mpwa wangu, uniambie mimi.

Mjomba wa Yuliana,
Alois