Umri wa ofisini wa Baba Asha

Alhamisi, Agosti 1993

Wala hakusita. "Arobaini na sita," akamjibu daktari, na mimi nimekaa pembeni yake.

Mume wangu ana miaka hamsini na miwili. Arobaini na sita ni umri wa ofisini, aliojipunguzia alipoajiriwa ili achelewe kustaafu. Tangu waanze kupunguza wafanyakazi, huo ndio anaoutaja kila mahali, hata msikitini.

Daktari wa hiyo zahanati mpya ya binafsi hapa Area D ni kijana mwenye adabu. Alisema mvutaji wa miaka mingi asiye na dalili, yeye humwanzishia picha ya kifua akifika hamsini. "Kwa hiyo mzee, bado una miaka minne."

Baba Asha alitoka pale mwepesi. Nje ya geti akawasha sigara.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Mama Asha, Dodoma ndogo hii. Yule anatibu nusu ya ofisi yetu."

Tukarudi nyumbani. Nimepika, tumekula, amelala. Hakohoi. Labda hana kitu, labda...

Lakini kilichotupeleka ni Idi, mdogo wake, naye mvutaji. Mwezi uliopita tulimzika Kondoa, saratani ya mapafu, na alikuwa na arobaini na tisa.

Kesho nitapita zahanati peke yangu nimweleze daktari. Baba Asha akikasirika, akasirike. Kwa umri alioutaja leo, Idi ndiye kaka mkubwa.