Shuka la Nguo za Mama

Ngulyati, 9 Agosti 1995

Dada Mariana,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na mtihani wa Kiswahili nimeongoza darasa.

Tangu tumzike mama nimekuwa nikishona shuka la viraka kwa nguo zake kuukuu. Nilishona kiraka kimoja kila jioni, kwa mkono, mwaka mzima, na nikishona moyo ulitulia. Jumatatu lori la mnunuzi binafsi wa pamba lilifika ghafla. Magunia hayakutosha, baba akafungia pamba ndani ya shuka langu. Niliporudi kutoka shuleni, lori lilikuwa limeshaondoka nalo.

"Matambara tu hayo," baba akasema. "Nitakununulia blanketi la dukani, lenye picha ya simba."

"Simba hakunizaa, baba."

Shangazi alicheka. Baba hakucheka. Tangu siku hiyo sijampigia magoti kumwamkia. Nina hasira, dada, na usiniambie nisamehe.

Siku ya kugawa nguo za mama ulichukua gauni lake la kijani. Najua unalivaa kanisani. Nitumie. Nimeshapata uzi, na nitalikata.

Mdogo wako, aliyeshika mkasi,
Debora