Kijumba cha Zege Mbele ya Ghorofa

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Nimehamia. Ghorofa ya saba, vyumba viwili, chini ya paa lenyewe. Tangu tupunguzwe kazi kwenye shirika la umma kule Mwanza sijawahi kuwa na choo cha ndani. Sasa ninacho, tena cha rangi ya waridi!

Kazi yangu: msimamizi wa jengo. Funguo, mafundi, jenereta, wafagiaji. Mzee Ngeleja, mwenye kampuni, kasema pamba inalimwa huku, basi na makao makuu yatakaa huku huku Bariadi. Anayetaka Dar aende Dar. Akajenga. Ghorofa saba katikati ya nyumba za bati! Dirishani kwangu naona mji mzima hadi unapoishia, halafu mashamba, halafu vumbi la malori.

Wafanyakazi wamejaza ghorofa mbili tu za chini. Kuanzia ya tatu hadi kwangu ni vyumba vitupu. Nikikohoa kwenye ngazi, jengo linakohoa nami.

Jumatano, 6 Agosti

Bwana Constantine, mchora ramani, kaja kutoka Dar kukabidhi. Kanitembeza. Zile nguzo mbili nene za mbele hazibebi kitu. Nimezigonga — ndani wazi. Juu ya mlango kuna pembetatu kubwa kama ya benki za zamani, ila imekatwa katikati, makusudi. Vioo vya bluu. Marumaru hadi kwenye ngazi.

Nikamuuliza, nguzo isiyobeba kitu ya nini? Akacheka. Akasema majengo ya enzi ya ujamaa yalikuwa maboksi yaliyonuna, sasa acha jengo litanie kidogo. Limeazima Roma, limeazima Usukuma. Ndiyo maana paa ni la msonge, kama nyumba za babu zetu. Na kwenye bustani, mbele kabisa ya mlango, kaweka msonge mdogo wa zege, unanifika kiunoni, una na kilango. Anauita mtoto wa jengo.

Mtoto yeyote wa Kisukuma angemwambia kile ni nini. Ni kijumba cha masamva! Tunakijenga uani kwa ajili ya wazee wetu waliokufa, tunawamwagia unga na maji, tunawaamkia. Lakini huwa kina mwenyewe. Hiki cha nani? Athanasi, mlinzi wa getini, anasema kwenye ramani kiliandikwa pambo, na Mzee Ngeleja alikuwa anahesabu ghorofa tu.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumatano, 13 Agosti

Wakulima wamekuja kutoka Ipililo kuulizia bei. Hawakuingia! Walichuchumaa pembeni ya kijumba, kofia mkononi, wakingoja mwenye kaya atoke. Nikashuka kuwakaribisha. Mmoja akaniuliza taratibu, wafu wa nani wale. Nikasema ni pambo. Wakatazamana. Hawakuniamini hata kidogo, na mimi nisingejiamini.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Mwanhuzi kwa mama. Yuko peke yake kayani. Kaka zangu walihama na ng'ombe kwenda Usangu mara tu baada ya kumzika baba, na zizi sasa limeota magugu. Nimemwomba tena aje tukae wote. Jibu ni lile lile: nani atamsalimia baba yako? Kijumba cha baba kimeezuliwa na upepo, yeye anakifunika na gunia.

Mimi ni Mkatoliki, naye pia, rozari haimtoki shingoni. Hayo mawili hayajawahi kugombana kwake.

Nimerudi jioni. Nimepika ugali wa mtu mmoja. Sijui kuupika vizuri, unabaki kila siku. Nimechoka kula peke yangu. Ndivyo hivyo, nimeandika.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama yupo hapa! Kaja na lori la pamba, kakaa mbele kama bosi. Eti kuona tu, Jumamosi anarudi.

Lifti kaikataa. Tumepanda ngazi, tunapumzika kila ghorofa, na kila ghorofa anauliza nani anaishi hapo. Hakuna, mama. Na hapa? Hakuna. Alipofika kwangu hakusifu choo. Akasema, "Mwanangu, umejengewa kaya ya watu wengi, ukaachwa humo peke yako."

Nikaenda jikoni nikafungua bomba, nisije nikalia mbele yake.

Jumamosi, 23 Agosti

Hakuondoka. Asubuhi nimemkuta chini, kachuchumaa mbele ya kijumba cha zege. Kachanganya unga wa mtama na maji kwenye kikombe changu cha chai. Anaongea Kisukuma, sauti ya kawaida tu, kama anayempa mtu habari za safari. Nimesikia jina la baba. Nimesikia na langu.

Akaniambia nyumba nzuri kama ile kukaa bila mtu ni dhambi, sasa ina mtu. Kamleta baba. Alimwaga maji kayani kabla ya kupanda lori, akamwambia amfuate.

Kwa hiyo atakaa. Atakaa! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimenunua godoro.

Jumamosi, 30 Agosti

Wiki nzuri. Mama anapika, ananisimanga kwa wembamba wangu. Asubuhi anamwamkia baba, halafu anakaa ngazini kwenye marumaru, anawasalimia wakulima. Mwangaluka, mwangaluka! Sasa wanaingia. Mama anawaambia mwenye kijumba ni mtu wa Mwanhuzi, mpole, hana neno. Athanasi anacheka mpaka anaegemea geti.

Nami nimeanza kusema habari za asubuhi nikipita pale. Taratibu. Baba hakuwahi kuona ghorofa.

Jumanne, 2 Septemba

Mambo yameharibika. Mzee Ngeleja ni mzee wa kanisa, na mchungaji kamuuliza mbele ya watu anaabudu nini pale mlangoni. Wanunuzi wenzake nao wanavumisha kwamba kazika dawa ya kuvutia pamba. Kaniita ofisini. Kijumba kivunjwe, mafundi niwaite mimi, niwasimamie mimi.

Nikamweleza habari za mama. Wallahi nilimsihi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akasema, "Mama yako akae hata miaka kumi. Lakini akae kwa ajili yako, si kwa ajili ya zege."

Mama amekaa kwa ajili yangu, au ya kijumba? Hilo ndilo swali ambalo sijathubutu kumuuliza mama.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimempigia Bwana Constantine. Kasikitika. Kasema bila kijumba paa litaonekana halina mwenzake. Atachora chemchemi badala yake.

Mama sijamwambia. Nikikataa kuwaita mafundi, kazi hakuna, na vyumba hivi vinakwenda na kazi. Nikiwaita — basi.

Nimewaita. Jumatatu.

Jumatatu, 8 Septemba

Mafundi wamefika na nyundo mapema kuliko nilivyotaka. Mama alikuwa pale pale na kikombe. Nilimwambia hapo hapo, mbele yao, vibaya. Nilidhani atapiga kelele. Akawaomba tu wangoje kidogo, na wao, vijana wa huku huku, wakaweka nyundo chini, wakavua kofia.

Halafu akanigeukia. Kasema mtu haondolewi kwake bila kuambiwa anakokwenda, na safari hii hatasema yeye. "Wewe ndiye mtoto wake uliyebaki. Mwambie wewe. Tunampeleka wapi?"

Nikasema juu, kwangu. Akatikisa kichwa. Akasema huko juu atamwaga maji wapi, kwenye marumaru? Hakuna ardhi. Nikasema pembeni ya uzio, karibu na jenereta. Akaniuliza kama mimi ningelala hapo.

Nikasema naleta unga. Nimepanda ngazi zote kwa miguu. Unga uko mezani, godoro lake limekunjwa vizuri pembeni, na mimi nimekaa naandika badala ya kushuka. Kutoka hapa dirishani nawaona: mafundi wamechuchumaa, Athanasi kasimama, mama kaweka mkono juu ya kile kipaa. Wote wananingoja mimi.

Nikisema Mwanhuzi, mama ataondoka na baba leo leo, lori la pamba linarudi tupu saa nane. Mahali pengine pa kusema sina.

Mama katazama juu. Kaniona.