Mashine ya Kuwekea Maneno ya Watu

Nyuma ya Msikiti,
Kitale.
9 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Ubaid,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima wa mwili na moyo, wewe na Anti Nimo na watoto. Hiyo baridi ya huko imekuachia kifua? Ulipopiga simu mara ya mwisho ulikuwa unakohoa, na Mama tangu hapo hana raha. Kila nikienda Bungoma ananiuliza, "Mjomba wako anavaa sweta?"

Sisi huku hatujambo. Magoti ya Mama yamepata nafuu, ameanza tena kwenda sokoni mwenyewe na kubishana na wauza ndizi. Hapa Kitale mvua imetushika vizuri, mahindi yamechanua kila upande.

Sasa nije kwa swali lako. Uliniuliza nikutajie laptopu ya kampuni gani, ili wewe na wenzako wa msikitini mtutumie, nami nikakujibu ati nitakuandikia. Najua ulishangaa. Swali la neno moja, jibu la barua nzima! Nisomee hadi mwisho, utaona kwa nini nimeshika kalamu.

Nyumba yetu unaijua kwa kusikia tu. Mimi na Judy tunapokea akina mama waliokimbia kupigwa. Wakishatulia wanatusimulia, nasi tunaandika, kwa sababu daktari atauliza na mahakama itauliza. Maneno hayo yalikuwa kwenye mashine yetu ya zamani, ile ambayo sasa haiwaki kabisa.

Mwezi wa sita alitufikia mwalimu mmoja kutoka upande wa Cheptais. Nitamwita Vivian. Ruhusa ya kukusimulia amenipa, jina lake hakunipa, na ni haki yake. Simu aliitupa akiwa njiani, wala hakumwambia hata dada yake anaelekea wapi. Alikuja na nguo chache na laptopu, zawadi aliyonunuliwa na mume siku za mapenzi. Humo mlikuwa na masomo yake ya darasani na picha za marehemu mama yake. Tukampa neno la siri la mtandao wetu, akawa anaketi dirishani akizitazama.

Ijumaa moja, swala ikiwa karibu kuisha, lango likagongwa. Nilichungulia nikaona mwanamume wa shati lililopigwa pasi, mpole kwa kumtazama.

"Nimekuja kuchukua bibi yangu," akasema.

Nikamwambia hapa hakuna bibi wa mtu.

"Ako hapa, madam. Usinidanganye. Tangu siku ya kwanza najua ako hapa."

Mjomba, nikatia komeo. Akaanza kulipiga lango mateke na kuliita jina la kweli la mkewe, hilo jina ambalo sisi wenyewe tulikuwa hatulitamki kwa sauti. Judy akawapigia polisi. Vivian nilimkuta jikoni, amejibanza nyuma ya magunia, mkono mdomoni.

Halafu watu wakatoka msikitini. Sijui nikueleze vipi. Hawakupiga kelele, hawakuokota jiwe. Walikuja tu, wazee kwa vijana, wakajaza nafasi kati ya yule bwana na lango letu, wakasimama. Mzee Abdishakur wa duka la viatu ndiye aliyefungua kinywa.

"Bwana, umepotea?"

Yule akaeleza, akatisha, akataja watu wakubwa anaowajua. Hakuna aliyesogea. Nikaona mabega yake yakishuka, akageuka, akaingia garini. Polisi walimkuta barabara ya kwenda Bungoma, na sasa kuna kesi, na amekatazwa kutukaribia. Lakini mimi nilibaki pale langoni nikiwatazama watu ninaowasalimia kila siku kana kwamba sijapata kuwaona.

Jioni ile hatukuwa na furaha, hata hivyo. Alijuaje? Wanaoijua nyumba hii ni wachache. Judy alinitazama mimi, nami nikamtazama Judy, na Vivian akatutazama sote wawili. Hilo liliniuma kuliko mateke ya lango. Tumefanya kazi pamoja miaka, na kwa siku kadhaa tulikuwa tunapeana chai bila kuangaliana.

Vivian ndiye aliyesema, "Hii laptopu. Kuna kitu nataka kujua."

Tukaipeleka kwa Manpreet, binti wa wale wa vipuri vya magari, anayeuza na kutengeneza kompyuta karibu na posta. Ulimwacha akiwa shule ya msingi. Aliiwasha, akabofya hapa na pale, kisha akamwuliza Vivian taratibu, "Nani alikufungulia hii mashine siku ya kwanza?"

"Mume wangu. Alisema nisisumbuke."

"Basi kwa hesabu ya mashine, mwenyewe ni yeye. Akaunti ni yake. Kila ikishika mtandao inamwambia iko wapi."

Sikuelewa, nikamwomba anionyeshe. Akafungua mashine yake mwenyewe, akaiamuru ijitafute. Ramani ikatokea. Nikaiona Kitale yetu, nikaona posta, nikaona barabara, ikasogea karibu zaidi nikaona paa la duka lile, na juu ya paa alama ndogo ya buluu, papo hapo tulipokuwa tumesimama. Subhanallah! Kitu cha kuwekwa mapajani, kimefungiwa ndani ya duka, na kinajua kiliko chini ya mbingu. Ni ajabu kama ile inayomwongoza rubani mawinguni, na ndiyo iliyomleta yule bwana langoni.

Judy alinishika mkono. Tulijua sote wawili tulikuwa tunaombana radhi.

Manpreet akapiga picha ya kila alichokiona, kwa ajili ya wakili. Akahamisha picha za marehemu, kisha akaifuta mashine yote, ikabaki tupu kama ilivyotoka kiwandani. Ikawaka upya na kuuliza, mwenye kuitumia ni nani?

Vivian akaketi mbele yake. Alipofika mahali pa kuweka neno la siri, akasita. Manpreet akageuka, akatazama rafu. Judy akageukia mlango. Nami nikageuka. Tukawa tunasikia vidole vyake tu, polepole, kimoja kimoja. Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, na hicho ndicho kitu cha kwanza kukijua peke yake tangu aolewe. Nilitazama ukuta na machozi yananitoka.

Baada ya hapo ndipo nikamwuliza Manpreet swali lako, laptopu ya kampuni gani. Judy alikuwa na yake kichwani, ati nchi fulani hutia masikio ndani ya mashine. Manpreet akacheka.

"Si kila nchi inasema hivyo juu ya jirani yake? Mimi sijaona, siwezi kuapa. Nitawaonyesha ninachoweza kuona."

Akatoa mpya kwenye boksi, akaiwasha, akaiunganisha na kifaa kinachoonyesha kila mahali inakopiga hodi. Mjomba, hatujaigusa! Haijajua jina la mtu. Na tayari majina yalikuwa yanashuka kwenye kioo, miji ya mbali ambayo mimi nimeisoma shuleni tu. Hodi nyingine, akasema, ni za kuulizia marekebisho ya kuziba matundu ya wezi, na hiyo ni heri. Nyingine ni za programu ambazo kampuni imezipakia humo ili zijue unapenda nini, zikauze. Akawasha ya kampuni nyingine. Nayo ikaongea, lakini kidogo. Nimetumia vitu hivi miaka yote nikidhani vimenyamaza.

Kwa hiyo hatukuchagua kwa nchi wala kwa sifa. Tulichagua kampuni ambayo mashine yake inakubali kuwashwa bila kudai akaunti, haijazwi programu za bure, ina kifuniko cha kamera cha kusukuma kwa kidole, na imeahidi kwa maandishi kuleta marekebisho kwa miaka mingi. Tena iliwahi kuibiwa data ikawaambia wateja yenyewe kabla ya magazeti. Manpreet hana hiyo dukani. Angeweza kutuuzia yake tukaondoka tukishukuru. Badala yake aliniandikia jina la kampuni na namba ya mashine, nimekiambatisha kikaratasi hicho hapa ndani.

Sasa lile gumu. Ulisema utaifungua huko, uisajili kwa akaunti yako, ili ikisumbua uitengeneze ukiwa huko huko. Najua ni mapenzi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua pepe, na kama kuna mwanamume ninayemwamini duniani ni wewe. Lakini Mjomba, nakuomba usiifungue. Boksi lifike na gundi yake ya kiwandani. Akina mama wakiniuliza mwenye mashine ni nani, sitaki niwajibu kwamba ni mwanamume mmoja mwema aliye mbali. Nimeandika sentensi hii nikiogopa utaumia. Usiumie.

Jambo moja zaidi. Juzi niliwakusanya akina mama wote nikawauliza, mmoja mmoja, kama wanakubali maneno yao yaingie katika mashine mpya. Niliwaeleza yote, ya ramani na ya miji ya mbali. Wengi walikubali, na Vivian alikuwa wa kwanza. Akabaki mama mmoja wa upande wa Suam, mtu mzima, asiyesema sana. Akanivuta kando.

"Yangu usiandike mahali," akasema. "Yangu nitakuambia wewe."

Akaniambia. Tuliketi kwenye benchi la nje, kuku wakitupita miguuni, akanisimulia maisha yake yote kwa sauti ya mtu anayechambua mchele. Alipomaliza akajifunga leso, akaenda kuchota maji. Mjomba, tangu siku hiyo natembea taratibu. Navuka barabara kwa uangalifu. Nimebeba kitu cha mtu.

Nisalimie sana Anti Nimo, mwambie shanga alizotuma Mama anazivaa hata jikoni. Wasalimie Aaliyah na Yakub, waambie binamu yao anawangoja Bungoma likizo ikifika. Mama anakubusu kichwa. Judy anakusalimu, na Manpreet pia.

Mungu akulinde unapoonekana na usipoonekana, akupe afya na rizki ya halali.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye kama baba,
Sabiha