Udongo Mwekundu wa Juu

Mjukuu wangu Atieno,

Sisi hapa Kaloleni tunaendelea. Nyanya yako bado anakohoa, ila Jumapili alienda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na salamu zako kutoka Doha zimemfurahisha.

Umeniuliza kama ununue ile ploti ya karibu na mtaa wa Baba Dogo, kwa kuwa kwenye picha udongo wake ni mwekundu na mzuri. Picha hiyo nimeitazama sana.

Nikiwa kijana nilifanya kibarua kwa muuza ploti. Wakati wa kiangazi, kila Jumamosi tulimwaga udongo mwekundu juu ya ule mweusi na kuusawazisha, kwa sababu wateja walikuja kutazama kesho yake baada ya ibada. Mama mmoja aliyeuza samaki Gikomba aliniuliza, "Kijana wangu, hapa nyumba itasimama?"

Nikamjibu, "Itasimama, mama."

Akanunua, akajenga. Mvua iliponyesha, udongo mweusi ulivimba chini ya nyumba yake. Nilipopita nilimkuta akiziba ufa uliotoka dirishani hadi kwenye msingi. Alinisalimia vizuri, hata akanipa kiti. Alidhani mimi pia sikujua.

Kwa hivyo subiri mvua, Atieno. Ikinyesha nitavaa gambuti, niende huko na jembe, nichimbe mpaka nione kilicho chini, ndipo nikujibu. Swali lako niliwahi kulijibu bila kuchimba.

Ni mimi babu yako.