Nguo Zote Nilizoshona

Tarehe 3 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila ngazi za hosteli zinaniua magoti. Wewe je? Mgongo? Ulisema utabadilisha miwani. Umebadilisha au ulinipoza tu nipande gari?

Nilidhani siku ya kwanza tutafungua kompyuta tuone matumbo yake. Wapi! Tunasoma “na”, “au”, “si” na “ikiwa”. Mwalimu anasema mashine haijui kingine ila ndiyo na hapana, na mhandisi asiyejua kuzipanga hizo mbili atatengeneza kitu cha kubahatisha. Anafundisha kwa Kiingereza, mimi nayageuza maneno kichwani yawe Kiswahili, halafu nayageuza tena yawe ya dukani kwetu, ya ushonaji. Hesabu za zamani zilikuwa kitambaa, unakata popote. Hizi ni vifungo. Hakuna kifungo na nusu.

Sasa siri, yako na yangu tu. Wenzangu wakienda kula, mimi najifungia chooni nikijifanya tumbo linauma. Sijui mtu anaanzaje maongezi.

Mwanao


Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mgongo upo palepale nyuma. Miwani nimebadilisha.

Duka lisikuumize kichwa. Nguo zote nilizoshona tangu uondoke zimewakaa wenyewe barabara. Haijarudi hata moja.

Huko chooni toka, watadhani umeajiriwa. Shangazi yako alicheka mpaka akashika mbavu. Wewe soma. Ukija hapa kabla hujafanya mtihani nitakurudisha kwa miguu. Na usishangae hii kalamu nene, ndiyo iliyokuwa karibu.

Baba yako


Tarehe 12 Machi

Baba,

Shikamoo. Naendelea vizuri, ila nina donge na sitalimeza.

La kwanza, shangazi alijuaje habari ya choo? Nilikuandikia wewe.

La pili ni baya zaidi. Juzi mwalimu aliandika ubaoni: “Simba wote waliomo darasani humu wamevaa miwani.” Akauliza, kweli au uongo? Tukacheka, tukasema uongo. Akasema, haya, nionyesheni simba asiyevaa. Hatukuwa naye. Basi ni kweli, akasema, kwa sababu simba hayupo hata mmoja. Kauli inayosema “wote” juu ya vitu ambavyo havipo haina wa kuikanusha.

Nikanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu nifike. Sauti ilitoka kama ya panya. Nikauliza, “Mwalimu, kwa hiyo mtu anaweza kumdanganya mwenzake bila kusema uongo?” Akanitazama, akasema, “Anaweza vizuri sana, tena kwa moyo mweupe kabisa.”

Nimesoma upya barua yako, baba. Nguo ZOTE ulizoshona. Zipo? Tangu ile siku uliponiambia sindano ya hospitali haiumi, uliniapia hutanidanganya tena. Nimeanza kuogopa kwamba umekishika kiapo kwa ujanja.

Mwanao


Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Chuo gani hicho kinachoingiza simba darasani?

Sijasema neno la uongo. Lipime unavyotaka. Soma.

Baba


Tarehe 10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, umekwepa.

Kwenye mzigo huu kuna koti langu la maabara. Mikono ni mirefu, inaingia kwenye kazi. Naomba uipunguze. Wewe, si fundi wa jirani. Nimekulia chini ya meza yako nikiokota vifungo, mshono wako naujua kama ninavyojua kikohozi chako. Likirudi na mkono wa mtu mwingine nitajua. Lisiporudi pia nitajua.

Mwanao


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Leo nakuamkia mimi. Nimekaa na koti lako siku zote hizi nikilizunguka kama deni.

Daktari anasema ni presha ya macho. Miwani nilibadilisha kweli, iliyofaidika ni pua. Naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Cherehani imefunikwa tangu siku uliyoondoka, sijashona hata kiraka. Barua zako ananisomea shangazi yako, mimi naandika kwa kukisia, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Akifika penye siri namwambia aruke. Harukagi.

Niliogopa ukijua utafunga begi uje unishike mkono barabarani, na hizo mashine wazijenge watoto wa wenzangu. Uongo niliapa kuacha, nikatafuta mlango wa uani. Nawe ukaja ukausimamia.

Koti nimelishona kwa mkono, kwa kupapasa. Shangazi ametunga uzi tu, akitaka zaidi nafukuza. Vidole vimechomwa vyote. Nasema leo waziwazi: sindano inauma, ya hospitali na hii.

Mishono yote iliyomo ni yangu. Na safari hii imo.

Baba yako


Tarehe 9 Juni

Baba, shikamoo. Shangazi, shikamoo na wewe, na hapa usiruke.

Mkono wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia, na mshono unatembea kama mlevi. Kikohozi chako, sikukosea. Nililia, nikafunga begi. Nikakaa juu yake. Nikalifungua.

Koti nimelivaa maabara. Msichana wa meza ya jirani akaniambia, “Fundi wako alikuwa kafumba macho?” Nikamjibu, “Ndiyo.” Kisha nikamweleza, na tuliposhtuka tulikuwa tumeshakaa chakulani, mimi ndiye ninayeongea.

Mtihani ni wiki ijayo. Baada ya hapo nakuja nyumbani kukupeleka kwa daktari mwingine, na likizo ikiisha narudi chuoni. Iangalie hiyo “na”. Katika somo letu, upande mmoja ukiwa uongo, kauli nzima inaanguka. Kwa hiyo usinifukuze nikija, wala usinifiche hali yako nikirudi chuoni.

Jambo la mwisho. Barua zote nitakazokuandikia kuanzia leo mpaka nifike, nitakusomea mimi mwenyewe.

Ipime hiyo, fundi.

Mwanao