Sauti ya Nne Uliyoniachia, Baba

Baba yangu, shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba salamu hainyimwi mtu, hata aliyenyamaza.

Unakumbuka sauti yako iliposhuka? Miaka yote uliimba sauti ya tatu katika kwaya yetu ya Buzuruga. Ghafla, mtu mzima mwenye mvi, ukaanza kunguruma. Mwalimu wa kwaya akakuhamishia mstari wa nyuma, sauti ya nne, na Jumapili iliyofuata kwaya nzima ikapeleka sadaka ya shukrani: Mungu ametupa besi! Mama akapiga vigelegele. Mimi nikaenda kujivuna shuleni.

Viganja navyo vikajaa. Pete ya ndoa ikabidi ikatwe kwa msumeno, na viatu ukawa unapanda saizi kila Krismasi. Sisi tukasifu tu. "Maisha yamemkubali," walisema ndugu zetu wa Magu walipotuletea mchele. Kichwa kilipokuuma ulimeza dawa, ukalala. Ulipoanza kuwagonga wenzako wa pembeni mkiingia kanisani, ulisema, "Nyie mmekonda mno, siwaoni!" Tukacheka. Jamani baba, tulicheka!

Ulipofariki, shangazi akasema umerogwa na mtu aliyeionea wivu sauti yako. Mjomba akasema ni ule mnara wa simu nyuma ya nyumba. Mama akakufuata bila kujua nani kati yao alisema kweli.

Mwaka huu mwalimu wa kwaya amenitoa sauti ya kwanza, akanipeleka ya pili. "Umerithi koo la baba yako," akasema, na wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikajaribu kuizungusha pete yangu kidoleni, ikagoma. Nikaenda hospitali peke yangu.

Walinipima damu, wakanipiga picha ya kichwa. Daktari akasema chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, na yangu ina uvimbe unaomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Si saratani, na wataufanyia upasuaji kupitia puani. Nikamuuliza kama ni mnara au ni mkono wa mtu.

"Hapana, mama. Wengi wanaoupata hatujui kwa nini. Wachache tu huwa wa ukoo. Kwenu kuna aliyekuwa na mikono mikubwa kama hii?"

Nikakutaja, baba. Nilikutaja kwa sauti ndogo, kana kwamba nakushtaki, na roho ikaniuma. Daktari akasema inawezekana kabisa ulikuwa nao, na kwamba uvimbe huo ukikua hubana mishipa ya macho, mtu asiwaone walio pembeni.

Sasa jioni naimba jikoni, naisikia sauti yako ikitoka kooni mwangu, na nyumba inazidi kuwa tupu. Hakuna aliyebaki wa kuniambia, "Ndiyo, alianza hivyo hivyo." Nina upweke, baba. Nina hofu pia, wala si ya upasuaji.

Mjukuu wako Neema anasoma bweni kule Usagara. Amerefuka, kila mtu anamsifu. Juzi alinipigia kwa simu ya matroni: "Mama, viatu vinanibana tena." Mzazi mwingine angenung'unika tu kwamba watoto wa siku hizi wanamaliza viatu. Mimi nilikaa chini sakafuni, nikalia.

Daktari anasema umri wake ndio wa kurefuka, nisijitie wazimu, ila kwa kuwa tumekuwa wawili katika ukoo, nimlete apimwe. Bado sijamwambia Neema. Jumamosi nitamfuata, nimweleze njiani, nimwambie na habari zako zote, hata kile kicheko chetu.

Tutaanzia hospitali, halafu duka la viatu. Daktari akisema ni kukua tu, nitamnunulia vilivyomzidi kidogo, kisha nitamshukuru Mungu palepale dukani, kwa sauti ya nne, wateja wanishangae.

Pumzika, baba. Jumamosi usiwe mbali.

Mwanao wa pekee,
Mama Neema